Lugha Zilizosingiziwa

Siku Fundi alipokatazwa kusema na bintiye kwa lugha ya kwao, alikuwa na misumari midogo saba mdomoni, kwa hiyo hakujibu kitu. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya sofa la watu, anavuta kitambaa na kukikaza kwenye mbao, na mkewe amesimama mlangoni pa karakana na sare yake ya hotelini, karatasi mkononi.

"Imetoka shuleni," mkewe alisema. "Nikusomee?"

Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Barua ilikuwa fupi, ina muhuri mkubwa kuliko maneno yenyewe. Ilisema mtoto, ambaye sasa ana miaka minne na nusu, yuko nyuma sana ya wenzake kwa kuzungumza. Akiitwa haitiki. Akiulizwa hajibu mpaka arudiwe mara tatu. Maneno yake anayakata mikia. Uchunguzi wa shule umegundua kwamba chanzo ni wingi wa lugha nyumbani, uliomchanganya mtoto akili. Kuanzia siku hiyo wazazi watumie Kiingereza peke yake. Wasipofanya hivyo, mtoto atarudishwa chumba cha watoto wa miaka miwili.

Fundi akatema misumari kiganjani, mmoja mmoja.

"Uchunguzi gani?"

"Haijaandikwa."

"Kachunguzwa na nani?"

"Na Madamu mwenyewe," mkewe akasema, na hakumtazama machoni. Madamu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo ya watoto wadogo.

Sasa, lugha za nyumba hiyo hazikuwa vurugu kama barua ilivyosema. Zilipangwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Fundi aseme naye lugha ya kwao, kwa sababu mama yake Fundi hakujua nyingine. Mkewe aseme naye lugha ya kina mama yake. Wao wawili, ambao kila mmoja hakuijua ya mwenzake, walisemezana Kiswahili, na mtoto akakiokota humo humo, na mitaani. Kiingereza kingemngoja shuleni. Na mtoto aliingia katika mpango huo kama samaki majini. Alipofika miaka miwili alikuwa na mdomo usiokaa, ndiyo maana wakambandika jina la Chiriku. Aliomba maji kwa lugha ya baba, akageuka na kumshitaki baba huyo huyo kwa lugha ya mama, bila hata kumeza mate katikati.

Halafu ukaja mwaka wa mafua. Yakitoka haya yanaingia yale. Na Chiriku akapungua maneno kidogo kidogo, kama bomba linalofungwa, hata hakuna aliyeweza kusema ni lini hasa nyumba ilianza kuwa kimya.

"Mimi siitaki hii barua," Fundi alisema.

"Nani anaitaka? Lakini wewe unakaa na masofa. Sofa halikuulizi umesema nini." Mkewe akaikunja barua mara nne. "Mimi nakaa mapokezi. Niliwahi kutolewa pale mbele nikapelekwa kuhesabu mashuka mwezi mzima, kwa sababu ya neno moja la Kiingereza nililolikosea mbele ya mgeni. Neno moja! Mwanangu hahesabu mashuka ya mtu."

Ijumaa akaja Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, ambaye ndiye aliyewatafutia nafasi katika shule ile na hakuacha wasahau. Aliketi, akavua viatu, akatoa hukumu.

"Shemeji yangu, kichwa cha mtoto si gunia. Huwezi kushindilia kila kitu mle kisha ushangae mshono ukifumuka."

"Mbona wangu mimi haukufumuka? Nina lugha mbili tangu utotoni."

"Na Kiingereza je?"

Shemeji alikuwa ameliona pengo, akaingiza mguu. Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha kazini tu: rangi, vipimo, ngozi, sponji, itakuwa tayari Ijumaa. Alikionea haya. Na aibu, jamani, ni mwalimu mbaya. Inamfanya mtu akubali jambo ambalo moyo wake unalikataa. Fundi alikubali. Akasema haya, tujaribu.

Miezi mitatu iliyofuata, mwanamume aliyezoea kumsimulia bintiye hadithi ndefu wakati wa kumwogesha akawa mtu wa maneno thelathini, na kumi kati ya hayo ni ya kukataza. Njoo. Kula. Hapana. Wacha. Lala. Alimwogesha kimya, akimsugua mgongo kama anayesafisha kiti. Chiriku alimtazama mdomo, akingoja kitu kitoke. Kisipotoka, alitazama chini. Baada ya wiki kadhaa mtoto akaanza kumkwepa. Fundi alimsikia akimwuliza mama yake, kwa maneno yaliyokatika mikia, kama baba amekasirika.

Amekasirika, ndiyo. Lakini mtoto angejuaje hasira ile si yake?

Kila Jumapili jioni mama yake Fundi alipiga simu.

"Nipe mjukuu wangu."

"Amelala, mama."

"Saa kumi na moja?"

Jumapili ya pili akawa amelala. Ya tatu pia.

"Mwanangu," mama akasema, "huyo mtoto anaumwa ugonjwa wa usingizi, au mimi ndiye ninayefanywa mjinga?"

Fundi akamweleza ukweli.

"Basi ningojeni nife," mama yake akasema, "ndiyo mumwambie kwa hicho Kiingereza chenu kwamba alikuwa na bibi." Akakata.

Fundi alitoka nje akapiga ukuta teke, akaumia kidole, na maumivu yale yakawa jambo pekee lililomfaa siku hiyo.

Ingekuwa dawa ile inaponya, labda angevumilia. Lakini Chiriku hakusonga mbele hata hatua. Alirudi nyuma. Alicheza peke yake, alishtuka akiguswa, alilia kwa mambo yasiyo na maana. Mwisho wa mwezi wa tatu ikaja barua ya pili, yenye muhuri ule ule: kwa kuwa hakuna maendeleo, kuanzia Jumatatu ya wiki inayofuata mtoto atakaa na watoto wa miaka miwili. Chini kulikuwa na mstari uliowaomba wazazi "waache ukaidi wa lugha."

"Ukaidi!" Fundi alinguruma. "Nimekuwa bubu ndani ya nyumba yangu miezi mitatu, halafu mkaidi ni mimi?"

"Shusha sauti, mtoto yupo."

"Mtoto! Mtoto hata hageuki!"

Na kweli, Chiriku alikuwa amekaa sakafuni hatua tatu kutoka kwao, amewapa mgongo, anapanga vifuniko vya chupa. Hakugeuka. Wote wawili waliliona, na wote wawili wakalipita, kwa sababu walikuwa wanagombana.

Jumamosi mkewe alikuwa na zamu, kwa hiyo Fundi akamchukua Chiriku karakanani. Karakana hiyo aliigawana na mshonaji wa mapazia, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu alimwita Mama Pazia. Alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na jicho lisilokosa uzi uliopinda. Alimtazama Chiriku asubuhi nzima akicheza na vipande vya sponji. Kisha akasimamisha cherehani.

"Fundi, huyu mtoto akisemeshwa anakutazama wapi?"

"Usoni. Kwani vipi?"

"Si usoni. Mdomoni. Nilikuwa na mpangaji aliyekuwa anafanya hivyo hivyo, tukamwona ana kiburi miaka miwili. Nenda kasimame nyuma yake, useme kitu. Usipige kelele. Sema kama unavyosema na mtu."

Fundi akaenda nyuma ya mtoto. Kwa lugha ya kwao, ile iliyopigwa marufuku, akasema kwamba kuna kuku ameingia karakanani na amevaa viatu. Chiriku akaendelea kupanga sponji. Akasema kwa Kiswahili. Kimya. Akasema kwa lugha ya mkewe, kwa lile neno moja la kuku analolijua. Kimya. Akajikaza akasema kwa Kiingereza, njoo. Mtoto hakutikisika.

"Sasa zunguka mbele," Mama Pazia akasema.

Akazunguka, akachuchumaa, akarudia habari ya kuku mwenye viatu kwa lugha ya kwao. Uso wa Chiriku ukafunguka. Akacheka mpaka akakaa chini, akaanza kumtafuta kuku chini ya meza.

Mama Pazia akakata uzi kwa meno. "Haya niambie, ni lugha ipi imemchanganya, ikiwa zote nne hazimfiki?"

Fundi alisimama pale na mikono yake miwili haijui pa kwenda. Kwanza alijiona mpumbavu. Halafu akakumbuka kila mara alipomwita mtoto kwa nyuma, asipoitika akamwita mara ya pili kwa ukali, na mara ya tatu akamshika bega kwa nguvu. Akaokota nyundo akaitupa kwenye rundo la mbao. Kishindo hicho Chiriku alikisikia. Aligeuka, akamtazama baba yake kwa woga. Fundi akambeba, akamshika kichwa, akamwomba msamaha kwa lugha ambayo mtoto hakuweza kuisikia kwa sababu mdomo wa baba ulikuwa begani kwake.

Jumatatu hawakwenda shule. Walikwenda hospitali, wote watatu. Walikaa kwenye benchi mpaka mchana, ndipo wakaingizwa chumba kidogo chenye kuta za godoro. Mpimaji alimvika Chiriku visikilizio vikubwa, akampa vigingi vya mbao: kila ukisikia mlio, tia kimoja kwenye kopo. Fundi na mkewe walikaa kwenye kona wakiambiwa wasiseme kitu. Mpimaji alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza. Vigingi vilibaki mkononi mwa mtoto. Chiriku alimtazama mpimaji usoni kwa adabu, akingoja mchezo uanze.

Mkewe akaziba mdomo kwa mkono.

Daktari wa masikio alikuwa mtu wa maneno machache. Alichungulia sikio la kulia, akachungulia la kushoto, akasema nyuma ya viwambo vya masikio kumejaa majimaji mazito, pande zote mbili. Mafua yasiyokwisha ndiyo yaliyoyaleta.

"Anasikia kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye beseni," alisema. "Si kiziwi. Lakini maneno yanamfikia nusu nusu."

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Kwa mnavyonieleza, mwaka na zaidi."

"Shule walisema ni lugha," Fundi akasema. "Walisema tumemchanganya."

Daktari akainua macho kutoka kwenye karatasi. "Lugha hazihusiki kabisa. Watoto wanabeba tatu, nne, bila jasho, ilimradi wazisikie. Mlifanya nini waliposema hivyo?"

Wakamweleza. Daktari akaweka kalamu chini.

"Sikilizeni, siwalaumu. Lakini mtoto huyu alikuwa anabahatisha. Anaona mdomo wa baba, anajua neno lile, anajaza mwenyewe kilichopungua. Mlipobadilisha lugha, mlimnyang'anya maneno aliyoyajua mkampa asiyoyajua, na hayo pia hayasikii. Ndiyo maana alizidi kunyamaza."

Nje, kwenye korido, waligombana mbele za watu, kwa Kiswahili, kwa sauti.

"Wewe na dada yako!" Fundi alisema. "Wewe na dada yako na muhuri wa Madamu!"

"Na wewe je? Wewe hukusema haya, tujaribu? Ungekataa! Ungepiga meza! Ulinyamaza ili baadaye upate wa kumlaumu."

Lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli lilimwuma zaidi ya uwongo wote wa barua. Mkewe naye akaketi kwenye benchi akalia kwa hasira, machozi yasiyofutwa. Chiriku, aliyekuwa katikati yao, alitazama mdomo wa huyu na mdomo wa yule.

Walimfanyia upasuaji mdogo baada ya wiki mbili: majimaji yakanyonywa, kila sikio likatiwa kibomba kidogo kuliko punje ya mchele. Kesho yake asubuhi mkewe alifungua bomba la jikoni, na Chiriku akaja mbio, mikono masikioni, analalamika kwamba maji yanapiga kelele. Alilalamika kwa lugha mbili ndani ya sentensi moja. Mama yake akalifunga bomba, akalifungua tena, akalifunga. Jumapili hiyo bibi alipewa simu, akaongea na mjukuu robo saa nzima, na alipotaka kumsema Fundi, simu ilikuwa bado haijarudishwa.

Fundi alichukua karatasi ya daktari akaenda nayo kwa Madamu. Ofisi ilikuwa na kiyoyozi, kiti cha ngozi bandia kilichochanika mshono (alikiona mara moja), na vikombe vya ushindi vya mashindano yasiyojulikana. Madamu aliisoma karatasi, akatabasamu.

"Tunamshukuru Mungu. Tatizo limeisha. Atabaki na wenzake."

"Uliandika kwamba tatizo ni lugha zetu."

"Baba, mimi si daktari."

"Mbona uliandika kama daktari? Uchunguzi, umegundua, chanzo. Hayo si maneno yako?"

"Tulitoa ushauri kwa nia njema."

"Basi niandikie barua nyingine. Kwa nia njema hiyo hiyo. Na muhuri. Useme ulikosea."

Madamu akafunga faili taratibu. "Shule haina utaratibu wa kuandika barua za namna hiyo."

Fundi angemtoa Chiriku pale siku hiyo hiyo, lakini mkewe akasema mtoto amalize mwaka, asihamishwe katikati kama mzigo. Akameza. Nyumbani kila mtu akarudi kwenye lugha yake, na Chiriku akarudi kwenye zote. Hakurudi siku moja. Miezi mingi aliendelea kumjibu baba yake kwa neno moja moja, kama aliyezoea kuwa baba si mtu wa mazungumzo. Kila neno hilo moja lilimchoma Fundi, na kila lilipomchoma alimkumbuka Madamu na tabasamu lake. Lakini kufikia mwisho wa mwaka mtoto alikuwa anaropoka, anatania, anatukana kidogo, na Kiingereza nacho kikaja kwa kasi, kwa sababu sasa kilikuwa na pa kuingilia.

Wakati wa kuandikisha watoto wapya, Fundi alimpeleka Chiriku shule asubuhi moja akakuta bango jipya limetundikwa juu ya geti. Lilikuwa refu kama kitanda. Upande mmoja kulikuwa na picha ya Chiriku anacheka, jino moja halipo. Upande mwingine herufi nyekundu: ALIKUJA HASEMI. KIINGEREZA TU KIMEMFUNGUA KINYWA.

Alilisoma mara mbili. Kisha akamkabidhi mtoto kwa mkewe, aliyekuwa ameongozana nao akielekea kazini, akaenda kwenye pikipiki yake akatoa koleo.

Mlinzi alikuwa mtu mzima, walizoeana. "Fundi, taratibu. Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, ndugu yangu. Niachie hasira."

Akaburuta kiti cha mlinzi, akapanda, akakata waya wa kwanza. Bango likainama. Wazazi wakasimama, magari yakapiga honi. Madamu akatoka mbio kwa viatu vyake virefu.

"Hiyo ni mali ya shule! Shuka!"

"Kitambaa ni chako," Fundi akasema bila kugeuka. "Uso ni wangu. Nani alikupa uso wa mwanangu ufanyie biashara?" Akawageukia wazazi, koleo mkononi, na sauti yake ikapanda mpaka dukani ng'ambo. "Mtoto huyu alikuwa hasikii! Maji yalijaa masikioni mwaka mzima! Huyu mama akaandika barua kwamba lugha ya bibi yake ndiyo ugonjwa, tukaacha masikio tukatibu lugha! Aliyemfungua kinywa ni daktari!"

Madamu akaanza kusema kwa Kiingereza kuhusu utaratibu, heshima na polisi. Hapo ndipo mkewe Fundi akasogea mbele, na sare yake iliyopigwa pasi, mtoto mkono wa kushoto. Alimjibu kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha mapokezi, kilichonyooka, chenye "Madamu" kila mwisho wa sentensi, na kila "Madamu" ilitua kama kofi. Fundi alishika nusu yake. Nusu nyingine aliisoma usoni mwa Madamu. Alipomaliza, mkewe akayarudia yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, kwa ajili ya mlinzi na wazazi waliokuwa nyuma.

Kisha akamwinulia mumewe uso. "Usilichane! Fungua hizo nyaya polepole. Picha ni ya mwanangu." Akamwachia mlinzi mtoto, akavua viatu, akashika ncha ya pili.

Siku ile ile barua ya kufukuzwa ikaja. Hiyo Fundi hakuisoma. Aliitumia kufutia gundi. Shemeji hakukanyaga kwao miezi minne, na alipokuja hakuomba radhi, alisema tu kwamba mambo yale yangeweza kumalizwa kistaarabu. Wazazi watatu walikuja karakanani, kila mmoja kwa wakati wake, kuulizia yule daktari wa masikio. Bango jipya lilitundikwa getini baada ya wiki, na picha ya mtoto mwingine. Madamu bado yuko ofisini kwake.

Muhula uliofuata walimpeleka Chiriku shule nyingine, ndogo, yenye madarasa matatu na uwanja wa changarawe. Mwalimu aliyewaandikisha alikuwa kijana, ana chaki kwenye nyusi. Alijaza jina, umri, simu. Kisha akauliza, "Nyumbani mnatumia lugha gani?"

Fundi akavimba. Alikuwa na hotuba nzima imemkaa kifuani, ameifanyia mazoezi njia nzima.

"Kwa nini unauliza?"

Mwalimu akashtuka. "Ili nijue jinsi ya kumsalimia asubuhi."

Fundi akabaki na hasira yake mkononi kama aliyebeba mwavuli siku ya jua. Mkewe ndiye aliyezitaja lugha, moja moja, na mwalimu akaziandika akibana herufi ili zote nne zienee kwenye mstari mmoja. Fundi akainama juu ya meza, akaisoma ile karatasi tangu juu mpaka chini, akairudia tena, ndipo akauachia mkono wa mtoto.